Chomoa Kijiti Kwanza

Mnanikuta kanisani, mnanisalimia vizuri, mnanipokea mkoba, halafu mmoja wenu anashindwa kujizuia. "Bibi, ni kweli ulikuwa unalipwa kumwagilia miti ya kimo cha birika?" Ni kweli, wanangu. Nililipwa kwa kazi hiyo mpaka magoti yakakataa. Leo nimeona nikae niwaeleze, kwa sababu baadhi yenu mmeanza kuchukua kazi za bustani hapa Louisville majira ya joto, na mnazichukua kama watu waliokaa kituoni wanangoja basi jingine. Siwalaumu. Hata mimi niliingia hivyohivyo.

Kabla ya hapo nilikuwa ghalani, napanga maboksi. Mgongo ulipochoka, jirani yangu wa hapa mtaani Iroquois aliniambia kwamba huko anakofanya kazi wanatafuta mtu mwenye mikono ya pole. Jirani huyo ni Mzee Salvatori, na nitamtaja sana. Alikuwa Mrundi, mwembamba, mpole wa sauti lakini mkali wa macho. Kwao alilima kahawa. Mimi ni wa Fizi, ng'ambo ya ziwa, ila miaka yangu mingi ya kambi ya wakimbizi niliimalizia Kigoma kabla ya kuja huku Marekani, kwa hiyo tulielewana bila taabu. Bustani yenyewe ilikuwa kupita mtaa wa Highview, mahali maduka yanapoisha na majani marefu yanapoanza, na ilikuwa inauza bonsai.

Bonsai ni mti wa kawaida kabisa, ila unalelewa ndani ya chungu kipana chenye kina kifupi. Unapogolewa, unafungwa waya, unakatwa mizizi kwa adabu, mpaka unazeeka bila kuwa mkubwa. Mti unaweza kuwa na umri wa babu yako na bado ukakaa juu ya meza ya chakula. Mimi nimezoea kwamba mti unapandwa kwa ajili ya kivuli, matunda, mbao au kuni. Siku ya kwanza nilizunguka meza zile nikamwuliza Salvatori, "Sasa hii inaliwa?"

"Hailiwi," akasema. "Yenyewe ndiyo inakula. Inakula siku zako."

Alikuwa akiiita watu. Hakusema mti huu una kiu, alisema huyu ana kiu, yule amekasirika, wale wa meza ya nyuma wamelala vibaya. Mwanzoni nilidhani ni uzee. Baadaye nikajikuta na mimi nasema hivyo hivyo nyumbani, mbele ya wageni.

Wote mnaogopa baridi ya hapa. Lakini kwa bonsai, mwezi wa kuogopa ni wa saba. Mti wa porini ukiona joto unatafuta maji chini, una dunia nzima ya kuchimba. Wa kwenye chungu una udongo wa kujaza mabakuli mawili matatu, na chungu kikipigwa na jua la mchana kinakuwa sufuria. Mizizi inapikwa huku majani bado ni ya kijani, na wewe unapita unasifu. Majani yakija kukuambia habari, ni habari ya zamani.

Mchana mmoja wa joto kali niliona majani ya maple yameanza kujikunja. Hiyo maple ndiyo miti inayokuwa myekundu majira ya joto yakiisha, na majani yake ni laini, hayavumilii. Nilinyakua mpira wa maji nikaanza kukimbia. Salvatori akanishika kiwiko. Alifungua bomba, akayaelekeza maji kwenye kiganja changu, nami nikapiga ukelele uliomtoa bosi ofisini. Mpira ule ulikuwa umelala juani tangu asubuhi, na maji yaliyokuwa ndani yake yangeweza kukoleza chai.

"Ulitaka kuwanywesha hayo," akasema.

Basi andikeni hilo vichwani: maji ya kwanza ya mpira ni ya changarawe. Yaache yatoke mpaka yapoe mkononi mwako, si mkononi mwa mwenzako. Mwagilia asubuhi jua halijapanda, na ukimwagilia, zunguka mara mbili. Mara ya kwanza unaulainisha udongo tu, kwa sababu udongo uliokauka sana unayakataa maji, yanateleza pembeni na kutoka. Mara ya pili ndiyo unanywesha, na usiondoke mpaka maji yatokee chini, kwenye matundu ya chungu. Maji yasipotokea chini hujamwagilia, umenawisha uso tu.

Joto likizidi, shusha vyungu kutoka mezani uviweke chini kwenye nyasi au udongo, usiviweke kwenye zege wala lami. Vifunge kwa taulo kuukuu lililoloweshwa. Maple zipe jua la asubuhi na kivuli cha mchana. Mireteni, ile yenye majani kama sindano, iache juani, inalipenda, ila usiisahau. Na wakati wa joto usimtibu mtu kwa kisu: usikate mizizi, usibadilishe udongo, usimlazimishe kula mbolea. Mtu mwenye homa hapelekwi shambani.

Hayo yote ni matawi. Shina la kazi yetu ni kijiti.

Kijiti chenyewe tulifundishwa na bosi, Mmarekani mmoja mvumilivu aliyefundishwa na mwalimu wake. Salvatori aliongeza mawili yake. Kwanza, badala ya vile vijiti vizuri vya dukani, alitumia vya mishikaki, vilivyobaki kwenye sherehe zetu, akivikata katikati. Kila chungu kilikuwa na kijiti kimechomekwa mpaka chini kabisa. Kabla ya kumwagilia unakichomoa, unakitazama. Kikiwa cheusi na kimeloa, unakirudisha unapita. Kikiwa kikavu, unamwagilia. La pili ni kwamba hakukipima kwa vidole. Vidole vyake vilikuwa vimekomaa kwa jembe, havisikii tena unyevu. Alikigusisha kwenye mdomo wa chini, akafumba macho kidogo, kama mama anayeonja uji kabla ya kumpa mtoto.

Baadaye bosi alileta mabomba ya kujifungua yenyewe kwa saa, na siku hizi najua kuna vidude vinavyokutumia ujumbe kwenye simu kwamba udongo umekauka. Sivikatai, vimetupumzisha Jumapili nyingi. Salvatori mwenyewe alivitazama kwa heshima siku nzima, halafu akasema, "Ni vizuri. Ila saa haina mdomo." Akaendelea kuchomoa vijiti vyake nyuma ya mabomba.

Msemo wake kwa kila mgeni ulikuwa huo tu: chomoa kijiti kwanza. Ukimwambia majani yanaanguka, chomoa kijiti kwanza. Ukimwambia umegombana na mumeo, vilevile, chomoa kijiti kwanza. Alimaanisha kwamba macho yana huruma ya haraka, na huruma ya haraka inaweza kuua.

Sasa nifike kwenye kile kilichonifanya nianze kuandika.

Salvatori alikuwa na mti wake mmoja nyumbani. Ile ya bustani ilikuwa na bei za kutisha, mingine imetoka Japani ina ukoo unaojulikana. Wake aliuokota kwenye mfereji wa bati la nyumba, hapa hapa Iroquois, alipopanda kuzibua majani. Ulikuwa mche wa maple uliojiotea kwenye taka, una majani mawili tu. Ilikuwa siku chache baada ya binti yake wa pekee, Godelive, kuolewa na kwenda Buffalo, mbali kaskazini. Mama yake Godelive alikuwa amekufa zamani kambini. Mzee alibaki peke yake na mche wa kwenye mfereji, akautia chungu. Aliulea miaka yote hiyo kwenye ngazi za nyuma ya nyumba. Alimwambia Godelive kwa simu kila mara, "Mdogo wako anakusalimia." Nilimsikia kwa masikio yangu.

Alikufa mwezi wa saba, moyo tu, joto likiwa limetulalia kama blanketi bichi. Alilazwa ghafla. Godelive alikuwa zamu, anatunza wazee wa watu kule Buffalo, na alipokuwa njiani kuja ndipo baba yake alipokata roho. Alifika akakuta matanga yameshawekwa.

Mnajua matanga yetu. Nyumba ya msiba haingiwi na mtu wa kukaa bure. Anayekuja anashika ufagio, anashika sufuria, anabeba viti, anamwogesha mtoto wa mtu asiyemjua. Ndivyo tunavyosema pole, maana maneno yetu ni machache kuliko mikono. Wanaume walikaa uani chini ya turubai, na chungu cha mzee kikawa kwenye njia ya viti. Mtu mmoja mwenye nia njema akakisogeza kwenye kona ya kibaraza, na ili maji yasichafue sakafu ya kibaraza, akakiweka ndani ya beseni. Mimi mchana nilikuwa bustanini, maana joto halikutupa ruhusa na mwenzangu wa kuzunguka meza ndiye tuliyekuwa tunamlilia. Jioni nilifika nikaingia jikoni kwa wanawake. Kibarazani sikupita.

Kesho yake baada ya mazishi, Godelive akaniuliza, "Mama Furaha, mti wa baba uko wapi?"

Tulitoka naye. Majani yalikuwa ya njano, mengi yameanguka ndani ya beseni, yanaelea. Chungu kilikuwa kimekaa majini mpaka karibu na ukingo. Nilikiinua nikasikia harufu ile, ya mizizi iliyoanza kuoza, harufu ya dimbwi. Nikachomoa kijiti chake. Kilikuwa cheusi chote, kinateleza.

"Nani amemwagilia huu mti?" nikauliza kwa sauti ambayo haifai msibani.

Mama Sifa, jirani, akaja anafuta mikono. "Bon, ni miye. Nilifika asubui, nikaona majani inalegea. Nikasema, hii miti iko na kiu. Nikaipatia maji."

"Na miye nilipatia," mwingine akasema kutoka mlangoni. "Saa ya midi, jua iko juu kichwani. Joto ilikuwa mingi sana, donc..."

"Kumbe na weye? Miye nilimwanga sufuria muzima!"

Ikawa hivyo, mmoja baada ya mwingine. Kila mwanamke aliyekuja kumlilia Salvatori alikuwa ameuona mti wake umenyong'onyea, akaupa maji. Kadiri ulivyozama ndivyo ulivyolegea, maana mizizi ikikosa hewa haiwezi kunywa hata ikisimama mtoni. Na kadiri ulivyolegea ndivyo walivyouhurumia. Sikuwa na wa kumkasirikia. Walikuwa wamemfanyia mzee mema, na kama angekuwepo angecheka mpaka akohoe. Mama Sifa alipoelewa alifunika uso kwa kitenge akalia upya.

Godelive hakulia. Alisema, "Nitakwenda nao Buffalo."

Nilikataa. Nitawaambia wazi, nililikataa ombi la mfiwa. Mti ule ulihitaji mtu wa kazi, na yeye hajawahi kulea hata mchicha. Nikamwambia auache kwangu, nitamletea ukipona. Akanitazama kwa macho yale yale ya baba yake. "Mama, huu mti ukifa, utafia wapi? Kwako au kwangu?" Halafu nikafikiri kama mtu wa kazi: Buffalo kuna ziwa kubwa, hewa yake majira haya ni ya pole kuliko yetu. Kwa mgonjwa wa joto na maji, si mahali pabaya. Nikasema basi, nitakusindikiza mpaka Columbus, katikati ya njia, kwa binti yangu, nitazame safari inaupeleka vipi.

Kabla ya kuondoka nilifanya mambo mawili tu. Niliuweka chungu juu ya jiwe upande mmoja, kiiname, maji yote yachuruzike kwenye kona moja yatoke. Na nikakata kijiti kipya cha mshikaki nikakichomeka. Sikubadilisha udongo ingawa mikono iliniwasha. Katika joto lile ingekuwa kumpasua mtu anayekata roho.

Tuliubeba garini, miguuni kwangu. Haukuwekwa kwenye buti, wala haukufungiwa ndani ya gari hata mara moja. Tuliposimama kujaza mafuta, Godelive akiingia msalani, mimi nilisimama nje kwenye kivuli cha ukuta nimekumbatia chungu chenye mti uliobakiwa na majani machache. Mzungu mmoja akanivulia kofia. Sijui alidhani nini, lakini nilimwitikia.

Columbus, binti yangu Furaha alitupokea kwa chakula, akautazama mti, akanivuta jikoni. Akaniambia kwa Kiingereza, kama kawaida yake mambo yakiwa mazito, kwamba mti umekufa na si vizuri kumdanganya mwenzetu. Nikarudi sebuleni, nikamwita Godelive karibu, nikakwaruza gome la shina kwa ukucha, kidogo sana, chini kabisa. Chini ya gome palikuwa na kijani. Hafifu, lakini kijani.

"Bado yupo," nikasema. "Sasa nisikilize. Uweke kibarazani upande wa jua la asubuhi, chungu kiiname hivi hivi. Kila asubuhi chomoa kijiti. Kikiwa na maji, kirudishe. Usimwagilie."

"Hata joto likiwa kali?"

"Hata joto likiwa kali."

Ndipo alipolia. Akasema, "Baba yangu ameugua, mimi sikumpa hata kikombe cha maji. Leo unaniambia na huu nisiupe?"

Wanangu, nimefanya kazi hii miaka, nimeshika miti ya watu matajiri. Sikuwahi kuogopa kama siku ile. Ningeweza kumpa ruhusa amwagilie kidogo, roho yake itulie, na mti ungekufa. Nilimshika mkono nikamwambia ukweli. "Usiupe. Kaa karibu nao tu."

Akaenda. Mimi nikarudi Louisville, kwenye meza zangu na mpira wangu wa maji.

Alianza kupiga simu kila asubuhi kabla ya zamu. Anakaa mtaa wa West Side, kwenye nyumba ya mbao ya zamani, na nyuma ya sauti yake nilisikia basi likisimama na kuondoka. Hatukusalimiana sana.

"Nimechomoa."

"Kikoje?"

"Kimeloa."

"Kirudishe."

Jani la mwisho likaanguka. Jirani zake wakamwambia autupe. Mwingine, mama wa watu mwenye huruma, akaja na jagi, na Godelive akasimama mbele ya chungu, akamzuia kwa mikono yote miwili kama askari. Aliponisimulia hilo nilicheka peke yangu jikoni, nikajua kwamba ameshaanza kazi. Siku nyingine hakutaja habari za kijiti kabisa. Alikaa kwenye ngazi, akaniambia baba yake alivyokuwa anapiga mluzi akikaanga maharage, na mimi nikamwambia habari za maji ya moto kiganjani. Joto la kule nalo likapanda. Sauti yake ilikuwa inaniomba bila kusema. Nilikaza moyo. Nilipokata simu nilimwombea, na sioni aibu kusema kwamba niliuombea na mti.

Kijiti kilikuwa kinatoka kimeloa siku zote hizo kwa sababu hakuna mzizi uliokuwa unakunywa. Hilo ndilo nililokuwa nangojea, na sikumweleza, nisije nikampa tumaini la bure. Mizizi mipya ikitokea, itaanza kuvuta maji. Udongo utakauka. Sisi ni watu wa joto, maisha yetu yote tumeomba mvua, lakini mimi nilikuwa naomba ukavu.

Asubuhi moja simu ililia, nikapokea nikiwa bado na mswaki mdomoni. Nilisikia basi likisimama, likaondoka.

"Gode? Umechomoa?"

"Nimechomoa."

"Kikoje?"

"Sijui. Vidole vyangu vinanidanganya."

"Usikipime kwa vidole. Weka kwenye mdomo wa chini, kama baba yako alivyokuwa anafanya."

Nikatoa mswaki.

"Mama," akasema, "hakina ubaridi. Ni kikavu. Mpaka kwenye ncha."

Nilikaa kwenye ukingo wa bafu. Nikamwambia, "Basi mpe maji."

Aliweka simu chini kwenye ngazi. Nikasikia bomba, nikasikia akiyamwaga kwanza pembeni mpaka yapoe, jambo ambalo nilikuwa nimemsimulia tu, sikumfundisha. Kisha nikasikia maji yakianguka polepole kwenye udongo, na yeye akilia, akisema kitu kwa Kirundi ambacho hakikuwa changu kusikiliza.

Akarudi kwenye simu. "Yanatosha?"

"Subiri," nikasema. "Subiri mpaka yatokee chini."